Neno "Uzima" na Kazi za Kila Siku

Katika mkutano mmoja wa chama chetu cha Kiswahili muhula huu nilipewa zamu ya kueleza msamiati wa afya. Kazi ilionekana nyepesi: taja magonjwa, taja viungo vya mwili, daktari, muuguzi, zahanati, basi, umemaliza. Lakini wapi! Tulipofika kwenye neno "uzima" tulikwama papo hapo mpaka kengele ya chakula ikalia, na hata mezani watu waliendelea kubishana huku githeri ikipoa. Mwalimu mlezi wa chama akasema, "Hayo yaandikwe." Ndiyo haya.

Chukua neno lenyewe. Tunasema "mtu mzima" kwa maana ya aliyekomaa, asiye mtoto. Tunasema "mkate mzima" kwa maana ya mkate ambao haujamegwa. Tunaulizana, "U mzima?" tukitaka kujua kama mwenzetu haumwi. Na tukisikia habari za mzee tuliyedhani amekwisha kufariki, tunaambiwa, "Aa, yu mzima bado!" Basi hapo pana maana nne juu ya mzizi mmoja, -zima: kukomaa, kukamilika, kuwa na afya na kuwa hai. (Kitenzi "kuzima", cha kuzima taa na kuzima moto, kina njia yake. Wale wa kidato cha pili waliodai kwamba mtu mzima ni mtu aliyezimika walituchekesha sana, lakini alama hawakupata.) Wenzetu wanaozungumza Kikikuyu waliongeza kwamba kwao "mugima" ni mtu mzima au kitu kizima, na "ugima" ni afya. Tena ugali wanauita "ngima". Nadhani aliyeupa ugali jina hilo alikuwa ametoka shambani na njaa yake.

Kiswahili kina maneno mengine ya jambo hili. "Afya" lilitujia kutoka Kiarabu, na "siha" vivyo hivyo. Ni maneno mazuri na mtihani unayataka. Lakini yanauangalia mwili zaidi. Mtu anaweza kuwa na afya ya fahali, moyo unadunda vizuri, meno yote thelathini na mawili kinywani, na bado asiwe mzima. Kuna kipande kimemegwa. Shabaha ya makala haya ni kuuliza kipande hicho hupatikana wapi, na maoni yangu, ambayo uko huru kuyapinga, ni kwamba hakiko mbali. Kimo katika mambo ambayo mtu huyafanya kila siku bila kupigiwa makofi.

Tuanze na kazi, na katika kazi tuanze na neno "kibarua". Ukilitazama vizuri utaona "barua" imejificha ndani yake: ki-barua, barua ndogo. Zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba ameajiriwa kwa siku hiyo. Pole pole jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Akaitwa kibarua! Si yeye anayeitwa kwa jina la alichofanya, kama mkulima, mvuvi au mfinyanzi. Yeye ameitwa kwa jina la karatasi ya tajiri.

Katika Bonde letu la Ufa jambo hili si hadithi. Njoro, Molo, Naivasha, Gilgil, kote huko palikuwa na mashamba makubwa ya walowezi tangu mwanzo wa karne ya 20, na babu zetu wengi walifika hapa kutafuta kazi humo. Kuanzia miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika akishakuwa mtu mzima alilazimika kutembea na kipande, karatasi ya kumtambulisha, aghalabu ikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo mliandikwa alimofanya kazi na mshahara wake. Angalia mzaha wa historia: serikali ya kikoloni ilimtambua kuwa mtu mzima kwa kumfunga karatasi shingoni.

Naona desturi hiyo haijatutoka. Sisi vijana tukisema "kazi" tunamaanisha ile yenye karatasi: barua ya ajira, meza, kiti kinachozunguka, mshahara mwisho wa mwezi. Muulize mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda kununua sukumawiki kwa wakulima, akafika sokoni kabla ya jua, akasimama hapo mpaka jioni. Muulize, "Mama, unafanya kazi gani?" Atakujibu, "Mimi sina kazi mwanangu, nauza mboga tu." Ati tu! Ada ya shule inatoka humo humo kwenye hilo "tu".

Nina binamu yangu aliyemaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita. Alama zake hazikuwa mbaya, ila hazikutosha kwa masomo aliyoyataka. Akaamua kungoja. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa huyu iliumiza vingine zaidi ya tumbo. Mwaka wa kwanza alikuwa akituma barua. Mwaka wa pili aliacha kutuma. Akawa analala mpaka saa sita mchana, akiamka anaishika simu na kubahatisha matokeo ya mpira, akipata mia mbili anapoteza mia tano. Hakuwa mgonjwa wa malaria wala wa nini. Alipopelekwa zahanati walimpima damu wakasema yuko sawa. Lakini mimi niliyekuwa nikimpelekea chai niliona kwamba binamu yangu hakuwa mzima. Aliniambia siku moja, bila hasira, kwamba asipoamka kesho hakuna kitu chochote ulimwenguni kitakachosimama. Maneno hayo yalinitia baridi, na ndiyo yaliyonifanya niliulize neno "uzima" kwa dhati, si kwa ajili ya mtihani.

Sasa nitawapeleka Njoro, mahali ambapo wengi wetu tunapafahamu. Katika kijiji cha Pwani (si Pwani ya Mombasa, jamani, ni Pwani yetu hii ya vumbi) kuna shule ya sekondari ya kutwa iitwayo Keriko. Mwaka 2019 mwalimu wa hisabati na sayansi wa shule hiyo, Peter Tabichi, alitunukiwa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye dola milioni moja. Vyombo vya habari viliziimba hizo dola. Mimi nataka tuangalie yale yaliyokuwako kabla ya Dubai.

Bwana Tabichi ni mtawa wa Kifransisko, kwa hiyo ni mtu aliyeweka nadhiri. Alipofika Keriko alikuta shule yenye kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha na darasa ambalo mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi 58. Wengine walitembea kilomita 7 kufika shuleni kwa barabara ambazo mvua ikinyesha hazipitiki. Karibu theluthi moja ya wanafunzi walikuwa yatima au wanalelewa na mzazi mmoja. Yeye alikuwa akitoa asilimia 80 ya mapato yake kwa wenye shida. Lakini kutoa pesa ni jambo la siku moja kwa mwezi. Siku nyingine zilizobaki alifanya nini? Alifundisha. Alikuza chama cha vipaji na chama cha amani, katika eneo ambalo watu wa makabila mbalimbali waliumizana vibaya baada ya uchaguzi wa 2007. Mwishoni mwa wiki alifundisha waliobaki nyuma, akawafuata majumbani. Aliwaonyesha wanakijiji namna ya kupanda mimea inayostahimili ukame. Wanafunzi wa shule hiyo hiyo ya kompyuta moja wakapata nafasi ya kwenda maonyesho ya kimataifa ya sayansi Marekani.

Mtu akiniuliza alikotoa nguvu, sitakimbilia kusema "kwa sababu ni mtawa". Watawa wako wengi na walimu wako wengi. Ninachokiona ni kwamba kwake sala na chaki hazikukaa katika masanduku mawili. Kazi ya asubuhi ilikuwa na mtu wa kuifanyia. Binamu yangu alikosa jambo hilo hasa: hakukosa ajira tu, alikosa mtu ambaye angepungukiwa kama yeye hakuamka.

Si jambo geni hata katika eneo hili. Kule Kipkelion, upande wa Kericho, ambako zamani kuliitwa Lumbwa, watawa wa Kitrapisti walijenga makao mwaka 1956. Kanuni yao, ambayo ina umri wa karne kumi na tano, inawataka wagawe siku baina ya sala, kusoma na kazi za mikono. Basi walisali alfajiri wakiwa bado na usingizi, kisha wakaenda kwa ng'ombe. Fujo za mwanzoni mwa 2008 ziliwaondoa, wakahamia Uganda, na huko wakaanza tena upya.

Neno la pili ni "zoezi". Hili nalo linafurahisha, kwa maana limezaliwa na kitenzi "zoea". Zoezi ni jambo unalolifanya mpaka ulizoee, na "mzoefu" ni aliyelifanya mara nyingi. Halisemi lolote kuhusu nguvu wala kasi. Linasema kuhusu kurudia. Ndiyo maana neno hilo hilo linatumika kwa mazoezi ya viungo na kwa zoezi la hesabu katika daftari. Hodari wa dharura, yule anayekimbia mizunguko 20 ya uwanja siku moja kabla ya mashindano halafu anachechemea wiki nzima, huyo hajafanya zoezi. Amejitesa.

Nani asiyemjua Eliud Kipchoge? Alizaliwa 1984 katika Kaunti ya Nandi, akalelewa na mama aliyekuwa mwalimu wa chekechea. Shule alienda mbio. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ana dhahabu mbili za marathoni za Olimpiki, ya 2016 na ile ya Tokyo iliyokimbiwa 2021. Hayo mnayajua. Lisilosemwa sana ni kwamba miaka yote hiyo ya utajiri, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi aliiacha nyumba yake na kukaa kambini Kaptagat, chini ya kocha wake Patrick Sang, mshindi wa fedha ya Olimpiki ya 1992. Na huko kambini zamu za usafi zinawahusu wote. Bingwa wa dunia naye huosha choo. Tena tangu 2003 amekuwa akiandika mazoezi yake katika madaftari, siku baada ya siku, kama mwanafunzi.

Kuna mambo mawili hapo. La kwanza, mwaka 2012 alikosa kuingia katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwingine angekwenda nyumbani kulala mpaka saa sita. Yeye aliendelea na zoezi, akabadilisha mbio tu, na mwaka 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza huko Hamburg. La pili, hata mwisho wa mambo si dhahabu kila mara. Paris mwaka 2024 hakumaliza mbio. Alitembea, akavua viatu akawapa watazamaji. Mtu aliyeweka uzima wake wote katika kushinda angevunjika siku ile. Nadhani fagio la Kaptagat lilimsaidia, manake fagio halijui nani ameshinda.

Sisemi tuwe wanariadha. Wengine wetu tukikimbia hata mbwa hutuonea huruma. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitoa mwongozo: kijana wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili wastani wa dakika 60 kila siku, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Si lazima uwe na raba za bei. Kuchota maji, kulima, kutembea kwa mwendo wa haraka kwenda shule, kusukuma mkokoteni, yote yanahesabika. Ukichunguza utaona kwamba wale wa Keriko wenye kilomita 7 zao walikuwa wamekwisha kuvuka kiwango kabla ya somo la kwanza, ingawa hakuna mzazi anayemtakia mtoto wake zoezi la namna hiyo penye matope.

Hapa kwetu Nakuru uwanja mkubwa wa mazoezi uko nyuma ya mji. Mji uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa Menengai umefika mita 2,278. Panda Jumamosi alfajiri utawakuta watu wa kila aina: wenye kukimbia, wenye kutembea pole pole kwa ushauri wa daktari, vijana wa baiskeli. Ukichungulia bondeni utaona moshi mweupe. Hiyo ni mvuke wa ardhini. Kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima humo mwaka 2011, na tangu 2023 mvuke huo unazalisha umeme. Na katika mapango ya bonde hilo hilo, kwa miaka mingi, watu wamekuwa wakienda kufunga na kusali, wengine siku kadhaa. Mlima mmoja, na humo wamo wanaofanya kazi, wanaofanya zoezi na wanaomwomba Mungu. Hawasalimiani sana, lakini njia wanayopandia ni ile ile.

Hapo ndipo neno la tatu linapoingia, "imani", na hili ndilo lililoleta kelele nyingi chamani. Kwa Kiswahili imani ni kuamini, kuwa na dini. Lakini vilevile ni huruma. Tunasema "mtu yule hana imani" tukimaanisha ni katili. Tunasema "nilimwonea imani", yaani nilimhurumia. Asili ya neno ni Kiarabu, ila Waswahili wameliongezea hiyo maana ya huruma kwa kulitumia. Ni kama wamesema: kama kuamini kwako hakumfikii jirani, tafuta neno lingine la kukuita. Na imani nayo ina mwili. Rafiki zangu Waislamu hutawadha, husimama, huinama na kusujudu mara tano kwa siku, mvua au jua. Hilo ni zoea kamili. Sisi Wakristo tunaokaa tu kwenye benchi tuna la kujifunza hapo.

Mwenzangu mmoja alileta methali "Jitihada haiondoi kudura" akidai maana yake ni kwamba kujitahidi ni bure, Mungu ameshapanga. Nilimpinga na bado nampinga. Methali inamwambia aliyejitahidi akakosa kwamba asijilaumu mpaka afe. Haimwambii aliyelala aendelee kulala. Mbona wahenga wale wale wakasema mtaka cha mvunguni sharti ainame?

Lakini lazima pia niseme jambo moja wazi wazi, kwa sababu nimesikia mahubiri ya ajabu. Kuna huzuni ambayo ni ugonjwa kama vile nimonia ni ugonjwa. Mtu wa namna hiyo akiambiwa akimbie, afanye kazi, asali tu, atazidi kuzama, na juu yake ataongezewa aibu. Huyo apelekwe kwa daktari, na wenzake wamsalie akiwa anatibiwa, si badala ya kutibiwa. Na asiyekula vizuri nyumbani asiende kufunga pangoni siku tatu peke yake bila mtu kujua aliko.

Mtauliza binamu yangu yukoje. Shangazi yangu, mama yake, aliumia mgongo akashindwa kubeba magunia ya mboga. Siku ya kwanza binamu alienda sokoni kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kwenda. Siku ya pili akaenda kwa sababu mteja mmoja alikuwa na deni. Sasa ni miezi saba. Anaamka saa kumi, anabeba, anarudi saa tatu akiwa na matope mpaka magotini. Jumapili anapiga ngoma kwaya, jambo aliloliacha tangu amalize shule. Ile simu bado anaishika, na mara moja moja bado anabahatisha mpira, sitaki kuwadanganya. Barua ya ajira haijaja. Juzi nilimkuta anamfokea mtu aliyemwuliza kama amepata kazi. "Kwani hii unaona ni nini?" akamwambia, akatua gunia.

Msomaji, nimekuachia kibarua (cha bila karatasi). Kikikuyu tumekwisha kukipata: ugima. Nataka kujua Kikalenjin, Kimaasai, Kiluhya, Ekegusii, Dholuo na Kiturkana kwao vinasemaje. Je, neno la afya na neno la ukamilifu ni moja, au ni mbalimbali? Na je, kuna lugha ambayo mtu anayeuza mboga akiulizwa kazi yake hana haja ya kusema "tu"? Waulize nyanya na babu likizo hii, andika neno, maana yake na mfano mmoja wa sentensi, kisha utie katika kisanduku cha chama kilicho mlangoni mwa maktaba. Tutayajadili Alhamisi ya kwanza ya muhula ujao, na safari hii tutaanza mapema, githeri isije ikapoa tena.